Adriano Atiman: Mtumwa Aliyegeuka Mganga wa Watu

Maji ya ziwa letu la Kivu hayakai mahali pamoja. Hutoka Bukavu kwa mto Ruzizi, hushuka bondeni, kisha huingia Ziwa Tanganyika. Msafiri akiendelea kusini kwa pwani ya mashariki ya ziwa hilo atafika Karema, katika Tanzania. Hapo alifariki, mwaka 1956, mtu ambaye sisi wa Miti twapaswa kumjua kama jirani.

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alikuwa angali mtoto wezi wa watu walipomkamata, wakamvusha jangwa la Sahara, wakamwuza. Ninyi wazazi, fikirini jioni ile nyumbani kwao: chakula kimeiva, mtoto anaitwa, wala haitiki.

Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha huko Algeria, wakamtia shuleni, akabatizwa jina la Adriano. Lakini yatupasa kusema kweli: kumkomboa mtoto mmoja kwa fedha hakufungi soko. Mchuuzi aliyelipwa aweza kwenda kumkamata mwingine. Kardinali Lavigerie alilijua jambo hilo. Kwa hiyo mwaka 1888 alihubiri Paris, London na Brussels, akiwaamsha watu wa Ulaya juu ya machozi ya Afrika. Na huko Marekani Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838, alikwisha kuwashuhudia watu kwa kinywa na kwa kalamu kwamba mtumwa ni mtu kamili.

Atiman hakupewa jukwaa, alipewa dawa. Kardinali alitaka Waafrika waponywe na Waafrika wenzao. Basi tangu mwaka 1881 kijana huyu alisoma uganga kisiwani Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja Tanganyika, akifuata njia za misafara. Katika njia hizo watumwa walikuwa wameshuka kwenda pwani na minyororo shingoni. Yeye alipanda akielekea bara, mtu huru mwenye dawa.

Alifika Karema mwaka 1889. Siku zile vita vya wakamata watumwa vilikuwa havijakwisha. Ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, Kapteni Joubert alikuwa akivilinda vijiji vya Mpala. Atiman alimwoa Agnes Wansahira, akakaa Karema miaka 67, akitibu wagonjwa na kufundisha dini. Mwana wao Joseph alipewa upadre mwaka 1923. Mjukuu wa watu wale wa Niger, waliopokonywa mtoto, akasimama altareni.

Je, utumwa ulikwisha kwa kuondoka wafanya biashara wa watu? La. Katika Kongo yetu wengine waliotangaza kwamba wameuharibu waliwalazimisha wazee wetu kuchuma mpira kwa mjeledi. Ubaya huo hubadili vazi tu. Hata leo, hapa Kivu, wapo watoto wanaochimba madini badala ya kwenda shule, na wapo wasichana wanaochukuliwa mjini kwa ahadi ya masomo, kisha wanafanyizwa kazi bila mshahara.

Basi, wasomaji wapendwa, tusimsifu Atiman kwa midomo tu. Aliyeuzwa kama mzigo hakutafuta wa kumlipizia kisasi. Alitafuta wa kumponya. Ninyi wanafunzi, elimu mnayopata ni deni kwa wasioipata. Nasi wazazi, mtoto wa ndugu akiletwa nyumbani mwetu, tujiulize swali moja: je, anakula chunguni mwetu na kwenda shule pamoja na watoto wetu? Ikiwa sivyo, soko lile la jangwani bado halijafungwa. Tumelihamishia uani kwetu.