Mwili wako pia hutengeneza dawa ya viini

Mtoto ameanguka akachubuka goti. Mama ameliosha kwa maji na sabuni tu, na baada ya siku chache kidonda kimekauka. Viini vimeuawa na nini?

Sehemu ya jibu ni protini ndogo sana zinazotengenezwa na ngozi, mapafu, matumbo na chembechembe nyeupe za damu. Mojawapo, LL-37, iligunduliwa mwaka wa 1995. Hutoboa ngozi ya bakteria, nayo ikafa.

Mbona basi haiuzwi madukani? Mwili huivunja upesi, na ikizidi hudhuru chembechembe zetu wenyewe. Nchini Uswidi ilipakwa kwenye vidonda sugu vya miguu. Matokeo ya 2014 yalionyesha kuwa vipimo vidogo vilisaidia, kikubwa hakikusaidia. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa 2021, halikuthibitisha nafuu hiyo kwa wagonjwa wote kwa jumla.

Kwa hivyo, msomaji, tungali tunategemea antibiotiki tulizo nazo, na bakteria wanazidi kuzizoea. Usizinunue kwa sababu ya mafua, wala usimpe jirani zilizobaki. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha au kikileta homa, muone daktari.