Simu ya mama, siri ya mtoto

NAMANGA. Mama anayetoka Kajiado kufuata vitunguu Arusha huondoka alfajiri, na mara nyingine hulala huko akisubiri mzigo utimie. Nyumbani huacha watoto chini ya uangalizi wa kijana wa sekondari, pamoja na simu ya akiba ya kupokea meseji za wateja. Akirudi, kitu cha kwanza ni kuifungua simu hiyo kuangalia nani kalipa na nani bado anadaiwa.

Hapo ndipo msaada wa afya ya akili kwa njia ya simu unapokwama. Kijana hana tatizo na simu. Anachoogopa ni nani ataishika baada yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba, wenye umri wa miaka 10 hadi 19, anaishi na tatizo la afya ya akili. Wengi hawapati huduma. Kwao simu ina mvuto: haikodoi macho, haimjui shangazi, na usiku wa manane ipo. Kumwandikia mtu asiyekufahamu ni rahisi kuliko kuonekana ukiingia kwa mshauri nasaha wa shule huku wenzako wakichungulia dirishani.

Na njia hiyo inaweza kusaidia. Mwaka 2020, watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wanafunzi 103 wa sekondari nchini Kenya. Waliopitia kipindi kimoja tu cha mafunzo ya kujijenga kwenye kompyuta, dalili zao za sonona zilipungua zaidi kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Lakini siri ina mipaka yake, na mipaka hiyo hubadilika ukivuka kizuizi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, ila inaweza kuwaondolea sharti hilo wanaotoa ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakwenda kinyume cha Katiba. Kanuni za adhabu za Tanzania na Uganda zimekuwa zikilihesabu jambo hilo kuwa jinai. Kijana anayejua hivyo hufikiri mara mbili kabla ya kuandika linalomsumbua.

Wapo wanaokimbilia programu za akili bandia. Hizo hujibu papo hapo na hazina umbea, lakini haziwezi kubisha hodi mlangoni mambo yakiharibika. Pia, maneno yaliyoandikwa huko yanaweza kubaki kwenye simu, yakimsubiri atakayeifungua.

Kwa mfanyabiashara, dawa ya kwanza haina ushuru. Namba 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure Kenya, Tanzania na Uganda, na kila nchi ina wapokeaji wake. Iandike ukutani, palepale panapoandikwa namba za wateja, ili asiyeitaka leo aijue kesho. Pili, mpe kijana saa yake ya simu, na umwahidi kuwa hutasoma yasiyo ya biashara. Ahadi hiyo ni ngumu kwa mama mwenye wasiwasi, lakini ikivunjwa mara moja, kijana hatarudi tena kwenye simu wala kwako.

Hata hivyo, ukisikia anazungumzia kufa, au ameacha kula na kulala, usingoje mzigo. Mtafute jirani au ndugu unayemwamini akae naye, kisha afikishwe kituo cha afya.

Na siku za kawaida, unapopiga simu nyumbani kutoka Arusha, muulize kwanza ameamkaje. Habari za wadaiwa zije baadaye.