Taroti kwa Mpenda Picha: Lipia Michoro, Usilipie Sanduku

Kama unazitaka karata za taroti kwa ajili ya michoro yake, mfukoni una dola 40 na sikukuu imekaribia, tafuta toleo la kawaida la michoro ya Pamela Colman Smith. Hela zikipungua, chapisha mwenyewe. Matoleo ya dola 60 yaache kwanza.

Nasema michoro kwa makusudi. Karata hizi zilianza Italia karne ya 15 zikiwa mchezo. Kuzipigia ramli kulishika kasi Ufaransa karne ya 18. Asiyetaka ramli nyumbani kwake bado anaweza kuzinunua kwa raha ya kuzitazama, na raha hiyo ipo tele.

Seti kamili ina karata 78. Karata 22 ndizo kubwa: Mpumbavu, Jua, Mwezi na wenzao. Zinazobaki 56 ni za vikombe, panga, sarafu na fimbo, ndugu wa kopa, shupaza, uru na pau unazozijua. Kati ya hizo, 16 ni za wafalme, malkia na watu wao. Halafu kuna 40 za namba, na hapo ndipo mnunuzi hupigwa.

Kwenye taroti za mtindo wa Marseille, vikombe vitano ni vikombe vitano tu, vimepangwa na maua kidogo. Zina heshima yake, ila anayetafuta vituko atachoka mapema. Smith alichora kisa katika kila karata. Alikuwa msanii wa London aliyewahi kuishi Jamaika na kuchapisha hadithi za Anansi, na karata zake zilitoka mwaka 1909. Kijana wa vikombe anatazamana na samaki anayechungulia kutoka ndani ya kikombe. Malkia wa fimbo ana paka mweusi miguuni. Kwenye panga saba, mtu ananyata na silaha za watu huku amegeuza shingo kuangalia nyuma. Kwenye sarafu tisa kuna konokono mdogo chini kabisa, karibu na bibi mwenye joho, na wengi humpita. Mimi humtafuta huyo kwanza: konokono akionekana kama doa, uchapaji ni mbovu na sitoi hela.

Toleo halali la kawaida huuzwa takriban dola 20 hadi 25 Marekani na Ulaya. La mfukoni, lenye kopo la bati, mara nyingi ni nafuu na kopo hulinda karata vizuri, lakini picha zimepunguzwa. Kwa mpenda picha, hilo ni punguzo baya. Zile za chini ya dola 10 mtandaoni mara nyingi ni za kunakili: karatasi nyepesi, rangi zimekolea ovyo, na badala ya kijitabu unakuta msimbo wa QR. Ikiwa mchoro ni wa msanii aliye hai, jua hapati hata senti.

Seti za wasanii binafsi hufika dola 45 hadi 70. Humo utakuta paka, vyura, uyoga na peremende, na nyingine ni za kuchekesha kwelikweli. Kuchora picha 78 ni kazi nzito, nami nafurahi msanii akilipwa. Ila omba kuona karata za namba kabla ya kulipa, maana wengine humaliza ubunifu kwenye zile 22. Kingo za dhahabu hugandana zikiwa mpya na hubanduka zikichangwa sana, na unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam hauzisaidii. Sanduku gumu la sumaku huongeza uzito na ukubwa wa kifurushi, na msafirishaji hutoza vyote viwili. Zikiuzwa kwa kuchangisha fedha kabla ya kuchapwa, unaweza kungoja miezi mingi, na usafiri mara nyingi hudaiwa baadaye. Kwa zawadi ya mwezi ujao, hizo ziondoe kwenye hesabu.

Usafiri ndio unaoumiza. Seti ya dola 25 ikibeba dola 20 za usafiri, VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, haihesabiwi kwenye 25 peke yake. Huhesabiwa kwenye bei, usafiri na ushuru wa forodha kwa pamoja. Juu yake kampuni ya vifurushi inaweza kudai ada ya kushughulikia forodha, na benki ikakata kwenye kubadilisha fedha. Kama kuna ndugu anayerudi nyumbani, mwombe. Seti ya kawaida haifiki nusu kilo.

Ndugu huyo akiwa Ufaransa, kuna karata za mchezo wa taroti unaochezwa huko mpaka leo. Huwa chini ya euro 10, zina turufu 21 zenye picha za dansi, uwindaji na watu wakinunua vitu sokoni. Karata za namba ni kopa na shupaza za kawaida.

Kuchapisha ndiyo njia rahisi kuliko zote. Smith alifariki 1951, na haki za michoro yake zilikwisha Ulaya mwishoni mwa 2021. Marekani zilikwisha kabla. Chukua nakala za toleo la zamani, si lililotiwa rangi upya. Kwa ukubwa wa karata za kawaida za kuchezea, kurasa 9 za A4 zinatosha, na zile 22 kubwa zinaingia kurasa 3. Uliza steshenari kama mashine yao inapitisha karatasi ya gramu 300 kabla ya kulipia. Laminesheni iache: karata 78 zenye plastiki nene hazishikiki mkononi wala hazichangiki.

Ukipata seti ya mtumba, bei ikiwa nusu ya mpya ni sawa. Muuzaji akuhesabie zote 78 mbele yako au kwa video, kwa sababu karata moja ikipotea huwezi kuinunua peke yake dukani.