Malale hauanzi na usingizi: unagusa na moyo



Juma hili tunazungumza juu ya ugonjwa wa malale. Wengi wetu tunaujua kwa alama moja: mgonjwa anasinzia mchana, na usiku hapati usingizi. Lakini alama hiyo inakuja nyuma, wakati kijidudu kimeisha kuingia katika ubongo. Mbele ya pale kinazunguka katika damu miezi mingi, hata miaka, na kugusa viungo vingine. Moyo ni kimoja chao.

Kijidudu hicho kinaitwa tripanosoma. Kinaletwa na mbung'o, nzi anayeuma mchana karibu na mito, pale tunapoteka maji, tunapofua na tunapoloweka mihogo.

Moyo unaumizwa namna gani?

Moyo ni nyama isiyopumzika. Katika kila chembe yake mna vimeng'enya, vitu vidogo vinavyosaidia mwili kupata nguvu. Kimoja, kreatini kinazi, kinairudishia nyama nguvu haraka kila inapojikaza. Kijidudu kikiingia katika moyo, askari wa mwili wanakifuata. Katika vita hiyo nyama inavimba, na chembe zinaweza kupasuka. Ni kama bidoni iliyotoboka: vimeng'enya vinamwagika katika damu. Ndiyo maana labo kubwa zinavipima katika damu ili kujua kama moyo umeumia.

Kwa malale ya kwetu, moyo kushindwa kabisa si jambo la kila mara. Lakini mapigo yanaweza kubadilika, na mtu anachoka bure. Sisi tunasema ni kazi ya shamba, ao tunatafuta mchawi.

Tufanye nini?

– Homa inayorudi hata kisha dawa ya malaria, tezi zilizovimba nyuma ya shingo, uchovu usioisha: twende kituo cha afya tuombe kipimo cha malale.

– Timu ya kuzunguka ikifika kijijini, jamaa yote ipimwe, hata anayejisikia mzima. Wanaanza na tone la damu ya kidole.

– Dawa ni ya bure. Tangu 2018 kuna vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa hapa kwetu Congo. Vinamezwa siku 10, kisha kula. Mwenye ugonjwa wa moyo ao mwenye mimba amwambie muganga mbele ya kumeza.

Mwaka 1998 waliandikwa karibu wagonjwa 40 000 katika Afrika. Tangu 2018 hawafiki 1 000 kwa mwaka, na wengi wao ni wa Congo. Ugonjwa ulipungua kwa sababu watu walitafutwa, wakakubali kupimwa na kutibiwa. Tukiusahau, utarudi.

Basi juma hili tuulizane nyumbani: ni nani amechoka tangu miezi, na bado hatujamwuliza anasikia nini?