Sifongo wa Jambiani

Ukivuka Unguja kutoka Mbweni hadi Jambiani, pwani ya mashariki, utawakuta wanawake wakifuga sifongo baharini. Hukata vipande vya mnyama huyo, huvitunga kwenye kamba, na kila kipande hukua kikawa sifongo kamili.

Hilo huwezekana kwa sababu ya seli za sifongo. Sifongo hana misuli wala mifupa. Seli zake hujishikiza kwenye nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sifongo kupitia kitambaa mpaka seli zikaachana. Zikatambaa, zikashikana upya, zikawa sifongo wadogo!

Nasi tuna kolajeni, kwenye ngozi na fizi. Bila vitamini C mwili hauisuki vizuri: fizi hutoka damu, vidonda havifungi. Mapera na machungwa yana vitamini hiyo tele.