Wimbo unaoimbwa kila asubuhi, mwanao anamjua mtunzi wake?

Tunduma. Wanafunzi wa Tunduma wanapokuwa mstarini asubuhi huimba 'Mungu Ibariki Afrika'. Hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, watoto wenzao nao huimba wimbo wa taifa lao. Maneno ni tofauti, lakini mahadhi ni yaleyale.

Mzazi, leo jioni muulize mwanao: mahadhi hayo alitunga nani? Huenda akakutazama tu. Huenda na wewe ukakwama.

Mtunzi ni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Aliutunga mwaka 1897. Alikuwa pia mwalimu wa kwaya na mpiga picha, na nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika kwenye daftari. Alifariki dunia Aprili 1905 akiwa bado kijana.

Wimbo wake haukufa. Mwaka 1912 uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi London, akisindikizwa na piano. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ulikuwa wimbo wa taifa, na Zambia nayo ikachukua mahadhi yake.

Mwenyewe alisahauliwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kaburi lake lilipo. Lilipotafutwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ndogo tu: kwenye kumbukumbu za makaburi aliandikwa kwa jina la Enoch, si Sontonga. Septemba 24, 1996, Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu mahali hapo.

Kaburi lilipatikana, daftari halikupatikana. Walimu wengine wa kwaya walikuwa wakiliazima, baadaye likabaki kwa ndugu, kisha likapotea pamoja na nyimbo zilizokuwamo.

Mwenzake wa Marekani, Florence Price, alikuwa na bahati zaidi. Mtunzi huyo mwanamke mweusi alifariki dunia mwaka 1953 na kazi zake nyingi zikasahauliwa. Mwaka 2009 maboksi ya maandishi yake yalikutwa kwenye nyumba iliyotelekezwa katika Jimbo la Illinois. Leo kazi zake zinapigwa tena, zikiwamo zile za vyombo vinne tu vya nyuzi. Muziki wa aina hiyo ulianzia vyumbani na sebuleni, wapigaji wachache wakiwa wamekaa karibu na wasikilizaji. Tofauti ya watunzi hawa wawili ni karatasi zilizobaki.

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wa Songwe una nyimbo za kubembeleza watoto, za mavuno na za harusi kwa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali na lugha nyingine. Nyingi ziko vichwani mwa bibi na babu. Bibi akiondoka, zinaondoka naye.

Hasara hiyo inamgusa mtoto moja kwa moja. Mtoto huanza kusikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni. Akizaliwa, ukimwimbia hutulia, hukutazama usoni na kukujibu kwa kicheko au sauti, na hapo ndipo anapojifunza lugha. Haya ndiyo malezi yenye mwitikio yanayohimizwa katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa ajili ya watoto hadi miaka minane. Hayahitaji fedha, wala mtu mwenye sauti nzuri.

Unaweza kuanza wikiendi hii:

Moja, mrekodi bibi au babu kwa simu akiimba wimbo mmoja tu. Usimkatize akikosea, mwache arudie.

Mbili, mpe mtoto anayejua kuandika kazi ya kuandika maneno kwenye daftari pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Aandike jina kamili la aliyeimba, kijiji, tarehe, na jina la mtunzi kama linajulikana. Kumbuka jina moja lilivyomficha Sontonga.

Tatu, tuma nakala kwa ndugu wawili au watatu. Simu huibiwa na daftari huloa.

Nne, tengeni jioni moja kwa wiki, zimeni televisheni, kila mmoja aimbe wimbo mmoja. Mwenye ngoma apige, asiye nayo apige makofi.

Na mwanao atakaposimama tena mstarini, atakuwa na jina la kuwaambia wenzake.