VUMBI LA BANDA LA KUKU NA AFYA YA ASKARI

Katika vitongoji vya Makindye, jijini Kampala, si jambo geni kuona banda la kuku nyuma ya nyumba, nazo jamaa za askari na polisi hujiongezea kipato kwa ufugaji huo. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, aifanyaye hana budi kuelewa jinsi vumbi la banda linavyoathiri mwili.

Vumbi hilo si udongo mtupu. Ndani yake mna vipande vya manyoya, kinyesi kilichokauka, kuvu, na mabaki ya bakteria yatokayo katika maganda ya kahawa au randa zilizotandazwa chini. Chembe kubwa hunaswa na kamasi puani. Zilizo ndogo mno hupenya hadi vifuko vya hewa vya mapafu. Huko chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili, huzishambulia kama adui. Njia za hewa huvimba, kifua hubana na kikohozi huanza.

Hatari kubwa ni kutoutambua ugonjwa. Saa 4 hadi 8 baada ya kufagia banda, au kuhamisha mahindi yenye kuvu, mtu aweza kupatwa na homa, baridi, maumivu ya mwili na kuhema. Wengi hudhani ni malaria. Akirudia kazi ileile kwa miaka, mapafu huweza kupata makovu yasiyopona. Kwa hiyo apimwe damu, na amweleze daktari kazi aifanyayo.

Kwa watoto wadogo mambo huweza kuwa kinyume. Utafiti wa wilayani Wakiso, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa wanafunzi waliozaliwa mjini walikabiliwa na pumu takriban mara mbili kuliko waliozaliwa vijijini. Wataalamu wengi huamini kuwa mwili mchanga ukutanapo mapema na vijidudu vya shamba hujifunza kutoshtukia kila chembe. Lakini jambo hilo halimpi mtu mzima ruhusa ya kujifungia ndani ya vumbi.

Ndugu askari, fungua madirisha ya banda. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia. Kausha mahindi barabara kabla ya kuyatia ghalani. Tena usitegemee leso, kwani haizuii chembe ndogo. Vaa barakoa ya kazi inayokaza usoni.